Bei ya kipimo kidogo

Kila bei za vyakula zinapopanda, ushauri unaotolewa kwa familia ni uleule: punguzeni nyama, punguzeni sukari kwenye chai, msitupe kiporo, andikeni mahitaji kabla ya kwenda sokoni. Si ushauri mbaya, ila unamfaa zaidi mtu ambaye bado ana cha kupunguza. Familia ya Mbagala au Kayole inayonunua nusu kilo ya unga na mafuta ya kupima ilishapunguza siku nyingi. Kuiambia ijibane zaidi ni kuiambia watoto wale kidogo. Ninachosema mimi ni kwamba fedha nyingi za nyumba kama hiyo hazipotelei kwenye kile inachonunua, bali kwenye namna inavyonunua: kidogo kidogo kila siku, na nafaka katika miezi ambayo bei yake iko juu. Hapo ndipo panapovuja, na ndipo pa kuziba kwanza.

Tuanze na mafuta ya kula. Mwenye duka ana dumu la lita 20, faneli na kikombe kidogo. Mteja analeta chupa yake, anapimiwa ya mia tano, anaondoka. Kesho anarudi. Kwa mfano tu wa hesabu, tuseme lita moja inauzwa shilingi 5,000 na kipimo cha shilingi 500 kina mililita 80. Kwenye lita moja mnatoka vipimo kumi na viwili na nusu vya namna hiyo, kwa hiyo anayenunua kwa kipimo analipa 6,250 kwa lita ileile. Akitumia kipimo kimoja kwa siku, mwezi wa siku 30 unamgharimu 15,000 kwa mafuta ambayo kwa bei ya lita yangekuwa 12,000. Asiyeamini ajaze chupa tupu ya maji ya nusu lita kwa vipimo anavyonunua dukani kwake, ahesabu vimeingia vingapi, kisha azidishe. Halafu afanye hesabu hiyohiyo kwa sukari ya kufungwa kwenye karatasi, majani ya chai ya pakiti ndogo na sabuni ya unga ya kufua mara moja. Simlaumu mwenye duka: anamwaga, anapoteza muda akihudumia mteja wa mia mbili, na wengine wanakopa wasirudi. Gharama hiyo lazima ailipe mtu, na anayeilipa ni mwenye kipato kidogo.

Hali hii haiko kwetu peke yetu. Watafiti Yesim Orhun na Mike Palazzolo waliwahi kuchunguza jinsi familia za Marekani zinavyonunua karatasi za chooni, kitu kisichooza na ambacho kila nyumba inakihitaji. Walikuta kwamba familia za kipato cha chini hununua pakiti kubwa kwa nadra zaidi, na hata bei inaposhushwa hushindwa kuitumia nafasi hiyo kama wanavyofanya wenye uwezo. Lakini mwanzoni mwa mwezi, fedha zikiwa mkononi, tofauti hiyo ilipungua. Kwa maneno mengine, hawakukosa akili ya kupanga, walikosa fedha ya kutanguliza. Nalitilia mkazo jambo hili kwa sababu wengi wetu tumezoea kumwona anayenunua kwa kupima kama mtu asiyejua hesabu, wakati hesabu anaijua kuliko sisi.

Uvujaji wa pili ni mkubwa zaidi, na huzungumzwa kidogo. Mwaka 2017 wachumi Christopher Gilbert, Luc Christiaensen na Jonathan Kaminski walichapisha uchambuzi wa bei za vyakula katika nchi saba za Afrika, Tanzania na Uganda zikiwemo. Walitazama tofauti kati ya mwezi ambao bei huwa juu kabisa na ule ambao huwa chini kabisa. Kwa mahindi tofauti hiyo ilikuwa wastani wa asilimia 33, kwa mchele karibu asilimia 17, na kwa nyanya karibu asilimia 60. Nyanya haziwekeki, basi tuziache. Mahindi, mchele na maharage yanawekeka. Nyanda za Juu Kusini huvuna mahindi kuanzia Mei hadi Agosti, na bei huanza kupanda mvua za mwisho wa mwaka zinapoingia, ghala za wakulima zikiwa zinaisha. Anayekula ugali mwaka mzima na kununua unga wa siku kwa siku anaipanda ngazi hiyo yote kila mwaka, kisha juu ya bei ya msimu analipa tena ile ya kipimo kidogo.

Sasa pingamizi la kwanza, ambalo ni la haki: mtu asiye na fedha ya kilo tano atatoa wapi ya gunia? Akiwa peke yake, hatoi. Lakini mtaani kwake karibu kila mtu yumo kwenye mchezo, VICOBA au chama, na fedha za vikundi hivyo kwa jumla si haba. Kaya kumi zikichangia gunia moja la kilo 100, kila moja inapata kilo kumi kwa bei ya jumla na nauli inagawanywa kwa kumi. Waanze na kitu kimoja, mchele au maharage, wakinunue soko la nafaka la Tandale au popote panapouzwa kwa jumla, wapime kwenye mizani mbele ya wote na kugawana siku hiyohiyo. Kikundi kinachoanza na vitu sita kwa mpigo kitagombana juu ya aina ya mchele kabla hakijafika mwezi wa pili. Nafuu inayopatikana kwenye kitu cha kwanza ndiyo inayolipia cha pili.

Pingamizi la pili ni uhifadhi, na hili haliruhusu mzaha. Dumuzi akiingia kwenye mahindi anaacha vumbi, na unyevu huleta ukungu, na ukungu unaweza kuleta sumukuvu ambayo haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya zaidi ya watu 100 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Kwa hiyo, kabla ya kununua ya kuweka, pima ukavu. Njia ya chumvi ni rahisi: chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia konzi ya mahindi na vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache itulie kama robo saa. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, mahindi bado mabichi, yarudi juani. Yakishakauka na kupembuliwa, mfuko wa PICS unayatunza kwa miezi bila dawa. Una tabaka mbili za plastiki ndani ya kiroba, kila moja inafungwa peke yake kwa nguvu, wadudu wanakosa hewa na kufa. Usiufungue kila siku. Toa ya wiki mbili, kasage, funga tena. Ukisaga dona usisage nyingi, kwa kuwa mafuta ya kiini huufanya unga uchachuke mapema kuliko sembe. Chumba cha kupanga chenye kitanda na jiko hakina nafasi ya magunia matatu, hilo kweli, lakini kona ya gunia moja mara nyingi ipo.

Wengine husema chakula kikijaa ndani watu hula zaidi, na ndugu nao huongezeka. Hutokea. Dawa yake ni kutenga cha wiki kwenye ndoo na kutogusa gunia hadi wiki iishe. Wengine wanahofia duka la mtaani: ukiacha kununua kwake, siku ya shida nani atakukopesha? Hofu hii naiheshimu kuliko zote, kwa sababu daftari la mwenye duka ni msaada wa kweli mtoto anapougua katikati ya mwezi. Hakuna haja ya kumhama. Chumvi, mkaa, kiberiti, mkate na vocha vitaendelea kutoka kwake, na anayelipa madeni yake kwa wakati hukopesheka hata asiponunua unga hapo.

Lipo pia la wanaosema kwamba kushusha bei ni kazi ya serikali. Ni kazi yake, na idaiwe. Lakini Julai 2022 Kenya ilishusha pakiti ya unga ya kilo mbili hadi shilingi 100 kwa ruzuku, na baada ya wiki chache tu mpango ukaisha. Na upo mwaka ambao mahindi ya nje huingizwa kwa wingi na bei haipandi kama ilivyozoeleka. Aliyeweka akiba ili auze anaumia; aliyeweka ili ale amekula chakula chake, hasara yake ni ndogo.

Ndiyo maana naona mabadiliko yenye faida kubwa zaidi yako kwenye kalenda ya vikundi vyenyewe. VICOBA vingi huvunja na kugawana Desemba, fedha zikaingia kwenye sikukuu na ada za Januari, wakati nafaka nayo inapanda. Wanachama wanaweza kukubaliana kwamba sehemu ya akiba, hata robo tu, itolewe Julai kama nafaka badala ya fedha: viongozi wawili na mwanachama mmoja wa kawaida waende kununua, risiti isomwe kwenye mkutano, na kila mtu achukue kilo zake. Asiye na pa kuweka achukue fedha taslimu kama kawaida. Mkutano wa Februari au Machi ndio wa kulipitisha hilo, ili michango ya miezi inayofuata itengwe mapema kabla mahindi hayajaanza kushuka kutoka Mbeya, Rukwa na Ruvuma.