Redio inayofundisha kuitambua chuki

Redio RTLM, iliyochochea mauaji ya kimbari ya Watutsi nchini Rwanda, ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1993, haikuanza kwa kuita watu wachukue panga. Ilianza na muziki, utani, na watangazaji wanaoongea kama watu wa kijiweni. Hofu na matusi vilipenyezwa humo humo, hadi jirani akawa anaitwa mende na msikilizaji hashtuki. Ndiyo maana mabango ya "tudumishe amani" hayanisisimui: hadithi haishindwi na kaulimbiu.

Mwaka 2004 shirika la Radio La Benevolencija lilianzisha Musekeweya, mchezo wa redio wa Kinyarwanda kuhusu vijiji viwili vya kubuni, Bumanzi na Muhumuro. Kati ya vijiji hivyo kuna bonde lenye rutuba. Serikali inaupa upande mmoja bonde hilo, upande wa pili unabaki na kinyongo. Mhutu na Mtutsi hawatajwi kabisa. Kinachoonekana ni ngazi za uchochezi: dhiki, kusaka wa kulaumiwa, kiongozi anayepalilia hasira, na wengi walionyamaza. Msikilizaji akizizoea ngazi hizo mchezoni, atazijua hata zikipandwa na mwanasiasa wa kweli.

Mwanasaikolojia Elizabeth Levy Paluck aliupima mchezo huo kwa mwaka mmoja: vikundi vingine viliusikiliza, vingine vikasikiliza mchezo wa afya. Matokeo, yaliyochapishwa 2009, yaliwashangaza wengi. Imani za watu binafsi hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni dhana yao kuhusu kile ambacho wenzao wanakikubali, na ujasiri wa kutofautiana hadharani. Mwishoni kila jamii ilipewa redio kaseti na kanda za mchezo, vitu vya wote. Kwenye vikundi vya mchezo wa afya, kwa kawaida vilikabidhiwa kiongozi wa mahali hapo, mjadala ukaisha. Kwa wasikilizaji wa Musekeweya mtu alipinga, wakabishana, wakaelekea kuvitunza kwa pamoja. Katika nchi ambayo utii kwa wakubwa uliwahi kusukuma watu kuua, ubishi huo mdogo si haba.

Somo hilo la wenzako wanakubali nini linafaa hata nje ya chuki ya kikabila: anayeandika mchezo kuhusu ukatili wa majumbani asimalize vipindi vyote kwa mume mkorofi. Jirani naye apewe la kufanya. Tamthilia ya Soul City ya Afrika Kusini ilifanya hivyo mwaka 1999: majirani walikusanyika nje ya nyumba ya mwanamume anayempiga mkewe, wakagonga masufuria. Baadaye zikaja taarifa za watu kufanya vivyo hivyo mitaani kwao, na huko Thembisa wateja wa baa waligonga chupa kumzuia mwenzao aliyekuwa akimnyanyasa mpenzi wake.