Pikipiki: vumbi ndilo linakula moteri
Kwenye barabara ya taifa namba 5, kutoka Lulimba kwenda Misisi, pikipiki ndiyo ambulansi, ndiyo gari ya mizigo, ndiyo mshahara wa familia nyingi. Ikizimika porini, dereva hapotezi peke yake: mgonjwa anachelewa, chakula hakifiki kwenye machimbo.

Tuseme wazi: moteri nyingi haziuawi na uzee. Kiangazi, kuna wenye wanatoa filtri ya hewa eti moteri ipumue vizuri. Hapo vumbi linaingia moja kwa moja, linakwangua silinda na segma. Mukiona moshi wa bluu nyuma, mafuta yameanza kuungua ndani, na fundi atafungua moteri yote.

Tufanye nini basi? Filtri ya sponji tuioshe na sabuni, ikauke, tuipake mafuta kidogo, tuirudishe. Ile ya karatasi haioshwi, inabadilishwa. Mafuta ya moteri tuyapime kila asubuhi: pikipiki ya 125 inabeba karibu litri moja tu, yakipungua hakuna akiba. Cheni nayo ilegee kidogo, sentimita 2 mpaka 3.

Litri moja ya mafuta ni bei ndogo mbele ya moteri mupya.