Boti ya Trela na Saa za Maji

Wengi wenu mkisikia kwamba mtu amekwenda kuvua baharini mnamwona akilini yumo ngalawani, tanga limejaa upepo. Si lazima. Ami yangu, ambaye nilikaa kwake Kilifi likizo ndefu ya mwisho wa mwaka, ana boti inayolala uani karibu na banda la mbuzi, juu ya trela, kilomita kadhaa kutoka ufukoni. Majirani humtania, ati chombo chake kinaijua lami kuliko bahari. Nataka kuwaeleza jinsi safari ya chombo kama hicho inavyopangwa, kwani kuvua kwenyewe ndiko kulikokuwa rahisi.

Boti ni ya faiba, urefu wake mita 5, na mashine ya nguvu ya farasi 40 imefungwa tezi, yaani nyuma. Ami aliinunua ikiwa mtumba. Kuiweka nyumbani kuna faida zake: mashine haiibwi usiku, na tumbo la boti halishikwi na wale viumbe wadogo wenye magamba wanaogandamana na chombo kikaacho majini mpaka kikawa kizito. Lakini trela ina bwana wake, naye ni maji.

Maji ya pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti yake ikapita mita 3. Mwezi ukiwa nusu huwa ni maji mafu, na tofauti hushuka ikawa kama mita 1. Hayo mnayajua nyote mliosoma Jiografia. Lililo geni kwa watu wa bara ni hili: huku Mombasa na Kilifi, bamvua hujaa kila mara karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne au saa tano za asubuhi. Haibadiliki mwaka hadi mwaka.

Sasa hebu fikirini. Umeshusha boti saa kumi na mbili asubuhi, siku ya bamvua. Unarudi saa tano na samaki wako, unakuta mteremko wa saruji umeachwa mkavu, na mbele yake ni matope na mawe yenye utelezi. Trela haifiki majini, na boti haina miguu. Utakaa hapo juani saa tatu au nne, samaki wanalainika, mpaka maji yakuhurumie.

Kwa hiyo ami huhesabu siku za mwezi kabla ya kuhesabu ndoana. Tulikwenda mwezi ukiwa wa siku tisa. Maji yalikuwa yamepwa saa kumi za alfajiri, nayo yangejaa hadi saa nne na robo hivi. Ulikuwa msimu wa kaskazi pia, na hilo si jambo dogo: kusi ikivuma katikati ya mwaka bahari huchafuka, na boti ya mita 5 hubaki na mbuzi.

Tulishushia pale feri ilipokuwa ikivusha watu na magari kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991. Nilidhani tungeingia majini papo hapo, kumbe tulisubiri kwanza magurudumu ya trela yapoe. Beringi ikiwa moto, kisha ikazamishwa ghafla katika maji baridi, hewa iliyomo ndani hunywea na kuvuta maji ya chumvi, na baada ya miezi michache gurudumu linakatika njiani. Wakati wa kusubiri binamu yangu alifungua kamba, akainua mashine isigonge saruji, akakaza kizibo. Boti za trela huwa na tundu dogo nyuma, chini kabisa, la kutolea maji zikiwa nchi kavu. Ami hakuridhika na neno la mwanawe. Aliinama akakigusa kizibo kwa kidole chake mwenyewe. Maboya ya kuvaa yalikuwa matatu, na upo wa kufulia maji ulikuwepo, ijapokuwa ni mtungi wa plastiki uliokatwa. Petroli ilikuwa lita 30: kumi za kwenda, kumi za kurudi, na kumi za lisilojulikana. Mke wa ami alikuwa ameshaambiwa kwamba tusipoonekana kufikia saa saba apige simu.

Nje ya mwamba bahari yetu haina ukarimu wa kina kifupi. Sehemu nyingi kati ya Mombasa na Kilifi, kilomita chache tu na chini kunaporomoka mamia ya mita. Ndiyo maana wenye mishipi hukaa ukingoni. Tulitia nanga katika pima kumi na mbili, mchangani kando ya mwamba, kamba ikitokea omo, yaani mbele. Ukiifunga nanga tezi, mawimbi yataingilia nyuma kulikoshuka, na habari yenu itasomwa redioni.

Chambo ilikuwa ngisi aliyekatwa vipande vyembamba, chubwi la risasi likiupeleka mshipi chini. Changu hauma kwa adabu, hugonga mara mbili halafu huondoka na chambo chako. Hadi saa tatu tulikuwa na wanne tu. Nilianza kuwa na wasiwasi, maana samaki wa siku hiyo ndio waliokuwa nauli yangu ya kurudi shuleni. Kisha maji yalipokaribia kusimama, walianza kula kama waliotoka kufunga. Binamu alimtoa tewa mwenye kinywa kama mfuko. Mimi nilipata changu watatu mfululizo.

Saa nne na nusu ami akasema, "Kunjeni mishipi."

"Baba, ndio kwanza wanakula!"

"Nimeona. Kunjeni."

Binamu alinuna wazi. Mimi nilinuna moyoni, nikiitazama nauli yangu ikiogelea chini yetu. Ami alituonyesha mlango, lile pengo la mwamba tulilotokea. Maji yote yaliyoingia mkono wa bahari wa Kilifi asubuhi hutokea hapo hapo yakianza kupwa. Nao upepo wa kaskazi hukaza kadiri jua linavyopanda, ukisukuma mawimbi kuja nchi kavu. Maji yakitoka na upepo ukiingia, wimbi hukosa pa kwenda. Husimama wima, fupi na kali, moja juu ya jingine. Chombo kirefu hulikata. Chetu hulipanda na kudondoka.

Tulipita saa tano. Kileleni weupe ulikuwa umeshaanza, tukalowa hadi viunoni, nami nikafua maji kwa upo bila kuambiwa. Saa saba ningependa kuliona mahali pale, lakini kutoka darajani.

Mama karanga, hao wanunuao samaki na kuwakaanga, walikuwa wanangoja. Changu kumi na mmoja walilipa petroli, na kilichobaki kikawa nusu ya nauli. Nyumbani tuliizungushia mashine maji baridi kwenye pipa mpaka chumvi ikatoka, binamu akafungua kizibo, na maji machache yakachirizika hadi kwa mbuzi. Nusu nyingine ya nauli aliitoa mke wa ami katika pesa zake za mayai, akisisitiza kwamba tewa asiuzwe. Akampika wa nazi.