Limnolojia: Neno Geni Linalohusu Ziwa Letu

Samaki wanapokufa kwa wingi katika Ghuba ya Winam, neno la kwanza kusikika ufuoni huwa ni “sumu”. Mfugaji amefika kwenye vizimba vyake alfajiri na kukuta ngege aliotarajia kuwauza wanaelea matumbo juu. Mkopo bado haujalipwa. Lawama huanza hapo hapo: jirani, mshindani, kiwanda.

Wataalamu wanapokuja kupima maji, ripoti yao huwa na neno ambalo wakazi wengi hawalijui: limnolojia. Mwishoni mwa mwaka wa 2022, wafugaji wa vizimba hapa Kisumu walipopata hasara kubwa, wataalamu walieleza kuwa samaki walikosa oksijeni majini. Ili kuelewa jibu kama hilo, ni vyema tulielewe neno lenyewe.

Limnolojia ni nini?

Limnolojia ni elimu ya maji ya bara. Neno hili limetokana na neno la Kigiriki “limne”, lenye maana ya ziwa. Kwa Kijaluo tungesema ni elimu ya “nam”. Aliyeiweka elimu hii kwenye msingi imara ni François-Alphonse Forel wa Uswisi, aliyechunguza Ziwa Geneva kwa miaka mingi na kuanza kuchapisha kitabu chake kulihusu mwaka wa 1892.

Ingawa jina linataja ziwa, limnolojia huhusu pia mito, mabwawa, vidimbwi, chemchemi na maeneo oevu. Kwa hiyo Mto Nyando na vinamasi vyake vimo. Hata maziwa ya chumvi kama Nakuru na Bogoria yamo, kwa kuwa yako bara. Elimu ya bahari ni fani nyingine.

Mtaalamu wa limnolojia hachunguzi samaki peke yake. Hupima joto la maji, oksijeni, mbolea iliyoyeyuka, mwani na viumbe vidogo, kisha hutazama jinsi vyote vinavyoathiriana. Baadhi ya vifaa vyake ni rahisi. Kisahani cha Secchi, kilichobuniwa Italia mwaka wa 1865, hushushwa majini kwa kamba hadi kisionekane tena. Kadiri kinavyotoweka upesi, ndivyo maji yalivyo na matope au mwani mwingi.

Kwa nini samaki hukosa hewa?

Ghuba yetu ina kina kifupi kuliko sehemu kuu ya Ziwa Victoria, na hupokea maji ya mito inayopita mashambani na mijini. Mvua huleta udongo, mbolea na maji taka. Vitu hivi hurutubisha mwani na gugumaji. Mchana mwani hutoa oksijeni, lakini usiku huitumia. Ndiyo maana maji huwa na oksijeni kidogo zaidi karibu na mapambazuko.

Mwani unapokufa huzama na kuoza, na kuoza huko hula oksijeni ya chini. Siku za jua kali na upepo mdogo, maji ya juu hupata joto na kuwa mepesi, yale baridi hubaki chini. Upepo mkali ukivuma, maji ya chini yasiyo na hewa hupanda juu. Samaki aliye huru anaweza kukimbia. Aliye kizimbani hana pa kwenda.

Hii haimaanishi kwamba sumu haiwezi kuua samaki. Maana yake ni kwamba vipimo hutangulia lawama.

Mkazi afanye nini?

• Ukiona samaki wakitweta juu ya maji alfajiri, au maji yamebadilika rangi au harufu, ijulishe kamati ya usimamizi wa ufuo (BMU) au afisa wa uvuvi mara moja. Hali ya maji hubadilika kwa saa chache, na ushahidi hupotea nayo.

• Usile wala kuuza samaki uliowakuta wamekufa.

• Usichote maji yenye utando wa kijani kibichi. Baadhi ya viumbe wanaofanya utando huo hutoa sumu. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi sumu hiyo.

• Mfugaji, weka vizimba penye kina na mkondo wa maji, usijaze samaki kupita kiasi, na punguza chakula wanapoacha kula. Mabaki huoza chini ya kizimba.

• Mkulima wa kando ya mto, acha ukanda wa nyasi na miti ukingoni. Ukanda huo huzuia udongo na mbolea kuingia mtoni.

Uvuvi ni miongoni mwa majukumu ambayo Katiba ya 2010 ilikabidhi kaunti, na watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya (KMFRI) huchunguza maji ya ziwa hili. Lakini vipimo vyao havitoshi ikiwa taarifa kutoka ufuoni itachelewa. Mvuvi anayeyaona maji kila alfajiri ndiye wa kwanza kujua kwamba yamebadilika. Asisubiri samaki waelee ndipo aseme.