Mifupa ya Tendaguru

Katika jumba la makumbusho ya viumbe mjini Berlin, Ujerumani, watoto wa shule hupelekwa na walimu wao, wakiwa na karatasi na penseli, kuchora kiunzi cha mifupa ya dinosaria mwenye kimo cha mita 13 na zaidi. Anayechora hulazimika kutazama: miguu ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma, basi mgongo umeteremka kama wa twiga. Mfupa mmoja tu wa mguu wa mbele unapita mita 2.

Mifupa hiyo ilichimbwa Tendaguru, karibu na Lindi, Tanzania ya leo, kati ya 1909 na 1913, enzi ya ukoloni wa Wajerumani. Mamia ya vibarua walichimba. Wapagazi waliibeba vipande vipande, kichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Jumla yake tani 225 hivi! Msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani, fundi hasa wa kazi hiyo.

Mimi ningependa mtoto akimaliza kuchora mfupa ule mrefu, amchore na mpagazi kando yake, kwa kipimo kile kile.