Muziki mnene kwenye gari: linda masikio ya mtoto wako

Unatoka Mahurunga kwenda Mtwara mjini, mtoto mgongoni au mapajani. Gari lina "mziki mnene": amplifaya chini ya kiti, sabufa nyuma, besi inatikisa vioo. Mtoto amelala, nawe unajiambia hana shida. Lakini mtoto kulala si dalili kwamba masikio yake yako salama. Huenda safari imemchosha tu, huku masikio yake yakiendelea kupokea kelele yote.

Amplifaya na sabufa hufanya nini?

Redio iliyokuja na gari ina nguvu ndogo. Ukiipandisha sana, sauti inakwaruza na wewe mwenyewe unaipunguza. Kukwaruza huko kunakera, lakini ni onyo.

Amplifaya huliondoa onyo hilo. Inachukua umeme wa betri na kuzipa spika nguvu zaidi, kwa hiyo sauti inabaki safi hata ikiwa kubwa mno. Sabufa inaongeza besi. Sikio la binadamu haliisikii besi kuwa kali kama sauti nyembamba, ndiyo maana mtu huzidi kupandisha bila kujua amefika wapi. Vioo vikifungwa, sauti haina pa kutokea. Tena sabufa hufungwa kwenye buti au chini ya kiti cha nyuma, na mara nyingi akina mama na watoto ndio wanaokaa huko nyuma.

Kelele huharibu vipi sikio?

Ndani kabisa ya sikio kuna seli zenye vinywele vidogo sana. Hizo ndizo hupokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Sauti kubwa huzichosha. Ikizidi au ikirudiwa mara nyingi, seli hufa, na zikifa haziuoti upya. Hakuna dawa ya kuzirudisha.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwenye sauti ya desibeli 80. Kwa mtoto, saa hizo 40 ni za desibeli 75 tu. Sauti ikipanda, muda salama hupungua haraka: kwenye desibeli 90 mtu mzima ana saa 4 kwa wiki nzima, na kwenye desibeli 100 ana dakika 20 tu. Muda wa mtoto ni mfupi zaidi ya huo.

Huna kipimo? Tumia mkono wako. Ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono mmoja akusikie, muziki huo ni mkubwa mno kwa mtoto.

Ukiwa abiria

- Kaa mbali na sabufa na spika. Kama umekaa karibu na buti, omba kubadilishana kiti.
- Usimkalishe mtoto juu ya boksi la spika, hata gari likijaa.
- Fungua kioo kidogo kama hali inaruhusu.
- Usitegemee pamba. Pamba ya kawaida haizuii kelele ya kutosha, na vipande vyake vinaweza kubaki sikioni.
- Ongea na konda au dereva mapema na kwa upole: "Mdogo wangu, naomba upunguze muziki kidogo, nina mtoto mchanga." Mkiomba abiria wawili au watatu, ni rahisi zaidi kusikilizwa.

Kuomba hivyo si kumwonea mtu. Tanzania ina kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, chini ya sheria ya mazingira.

Kama gari au bajaji ni yenu

Korosho zikiuzwa na baba akitaka kufunga muziki, si lazima mgombane. Kubalianeni haya kabla fundi hajaanza kazi:

- Waya mkubwa unaotoka kwenye betri uwekewe fyuzi karibu na betri. Waya ukichunika na kugusa bodi bila fyuzi, unaweza kuwaka moto.
- Boksi la sabufa lifungwe imara. Breki ya ghafla inaweza kulirusha kwa watoto.
- Sabufa iwe na kitufe chake cha kupunguza, na dereva akifikie. Mtoto akiwemo, besi ishushwe na sauti ipelekwe spika za mbele.
- Chagueni kiwango cha juu cha redio kisichovukwa mtoto akiwa ndani.

Dalili za kuangalia

Mpeleke mtoto zahanati au kituo cha afya ukiona:

- mtoto mchanga hashtuki kwa sauti kubwa ya ghafla;
- amefika miezi 6 na hageuki kutafuta sauti;
- amefika mwaka mmoja na haitiki jina lake;
- mtoto aliyekwisha kuongea ameanza kuuliza "nini?" kila mara, au anasogea karibu sana na redio;
- analalamika masikio yanalia au yameziba baada ya safari au ngoma.

Dalili hizi zinaweza kutokana na mambo mengine pia, kama maambukizi au nta iliyoziba, na mengi kati ya hayo yanatibika. Usimtie mafuta wala kijiti sikioni. Mhudumu akiona haja, atakuandikia rufaa, kwa mfano kwenda Hospitali ya Ligula mjini Mtwara.

Mtoto hujifunza kuongea kwa kusikia, na darasani hujifunza kwa kumsikia mwalimu. Safari moja yenye kelele haimaanishi ameshaharibika, kwa hiyo usiogope. Anza na safari ijayo: chagua kiti kilicho mbali na sabufa, na omba muziki upunguzwe kabla gari halijaondoka.