Pua ya Jirani Yako

Leo twawaomba mketi nasi kidogo ufukoni Watamu, pale mashua zinaposhusha samaki.

Mwaka mmoja tuliitwa kuamua ugomvi mahali hapo. Mzee mmoja mvuvi alikuwa ameuza kolekole, na mama aliyemnunua akamrudisha mbele ya watu, akisema samaki amevunda. Mzee akaapa kwamba hasikii harufu yoyote mbaya. Watu wakamwita mwongo. Nasi, twakiri, tulimdhania vivyo hivyo moyoni, na kwa muda mrefu wanunuzi walimpita.

Siku nyingi baadaye mkewe alitueleza kwamba tangu mzee augue, hasikii hata wali ukiungua jikoni. Basi alikuwa amesema kweli.

Yafaa tujue kunusa ni kitu gani. Juu ndani ya pua mna ngozi nyembamba yenye mamilioni ya chembe za neva. Kila chembe ina vipokezi vya aina yake, mfano wa kufuli, na harufu ni kama ufunguo. Maagizo ya kutengeneza vipokezi hivyo yamo katika jeni, urithi tunaopokea kwa baba na mama. Mwaka 1991 Linda Buck na Richard Axel wa Marekani walitangaza ugunduzi wa jamii kubwa ya jeni hizo, na mwaka 2004 wakapewa Tuzo ya Nobel. Mwanadamu ana zipatazo 400 zinazofanya kazi.

Kando ya hizo ipo jamii ndogo ya jeni 6, na mmojawapo huitwa TAAR5. Huo ndio unaohusika na shombo. Samaki wa baharini ana mwilini dutu isiyo na harufu, imsaidiayo kustahimili chumvi. Akifa, vijidudu huigeuza kuwa trimethilamini, nayo ndiyo inayotufanya tuzibe pua. Mwaka 2020 wataalamu wa Aisilandi walitangaza uchunguzi wa watu zaidi ya 9,000 walionusishwa harufu mbalimbali. Wachache, ambao TAAR5 yao ina badiliko dogo, hawakuchukizwa sana na harufu ya samaki. Wengine wao walitaja viazi, karameli, hata waridi! Badiliko hilo ni adimu zaidi kwetu Afrika kuliko kule.

Hatusemi kwamba mzee wetu alikuwa nalo. Yake yaliletwa na ugonjwa. Lakini somo ni lile lile: watu wawili waweza kusimama mbele ya samaki mmoja, wakasema maneno mawili, na asiwepo mwongo kati yao.

Je, tumwamini nani sokoni? Tusiitegemee pua peke yake. Tazama macho ya samaki kama yang'aa, funua mashavu uone kama matamvua ni mekundu, bonyeza nyama uone kama yarudi. Mama zetu huosha samaki kwa ndimu, na wana haki, kwa maana ukali wa ndimu huifunga trimethilamini isipande hewani. Lakini ndimu huondoa harufu tu, haimfufui aliyeoza. Tena jodari au nguru aliyeachwa juani aweza kufanya sumu ya histamini bila kunuka, wala moto wa jikoni hauiondoi. Barafu mapema ndiyo kinga.

Mtume Paulo alipolinganisha kanisa na mwili, hakusahau kutaja kunusa. Kiungo kimoja kikipungukiwa, vingine vimsaidie mwenye mwili, visimcheke.

Tulikwenda kwa mzee yule kumwomba radhi, na yule mama akaja pamoja nasi. Siku hizi mjukuu wake humnusia samaki kabla hajawapeleka sokoni, na wanunuzi wamerudi. Nawe, ndugu msikilizaji, kabla hujamwita mwenzio mwongo, muulize kwanza yeye anasikia nini.